Misumari ya Mdomoni

Wifi yangu si mtu wa maneno. Ukimkuta yuko vizuri atakusalimia, atakuuliza watoto, basi, biashara imefungwa. Mimi ni msusi, mdomo wangu haujui likizo. Kutwa nasuka na kusema, nasema na kusuka, na wapo wateja ambao nahisi wanafuata maneno kuliko nywele. Sasa tazama dunia ilivyo na vituko: katika familia yetu nzima, siku ilipohitajika mtu wa kwenda kusema mahakamani, aliyeitwa ni yeye. Mimi nikakaa benchi la nyuma, nimefunga mdomo. Na yeye asiyesema, akasema. Jamani, alisema!

Nitawaeleza, ila mtu asinikate kauli, maana jambo hili bado linanichemsha.

Mtaani wanamwita Sindano. Ni mwembamba, na kazi yake ni hiyohiyo ya sindano: anashona vitambaa vya makochi katika karakana ya kaka yake, na kaka yake ndiye mume wangu. Kazi wameirithi kwa baba yao. Sindano anapima, anakata, anashona. Kaka yake anavalisha na kupigilia. Wengi mnakalia makochi bila kujua yanavyotengenezwa. Kitambaa lazima kivutwe kwa nguvu juu ya sponji ndipo kipigiliwe kwenye mbao, kwa misumari midogo ile yenye vichwa bapa. Mkono mmoja unavuta, mwingine umeshika nyundo. Misumari inakaa wapi? Mdomoni. Fundi anajaza mdomo, halafu anaisukuma kwa ulimi, mmoja mmoja, kichwa kikitangulia. Mume wangu akiwa na misumari mdomoni humtoi hata neno. Nikitaka kumgombeza bila kujibiwa, namfuata saa hizo.

Sindano anachechemea mguu wa kushoto. Alipokuwa mtoto alikanyaga msumari uliotemwa sakafuni na kaka yake, ambaye ndiyo kwanza alikuwa anafundishwa kazi. Kidonda kikaoza, akalazwa, madaktari wakaanza kuzungumzia kukata. Kaka yake alilala chini ya kitanda cha wodi mpaka wauguzi wakachoka kumfukuza. Mguu ulipona, lakini yeye hakutema tena msumari chini maisha yake yote. Mteja akiingia, simu ikilia, ataitoa mmoja mmoja, ataitia kwenye kopo la maziwa ya unga na kulifunika. Mfuniko wa kopo lile ni mkaidi, mpaka uweke kila kitu chini, ulishike kopo kwa mkono mmoja na kuugandamiza kwa kiganja cha mkono wa pili. Tulikuwa tukimcheka. "Bwana wee, iache tu hapo mezani!" Anatikisa kichwa, anagandamiza.

Sindano aliolewa, akaenda, akarudi. Alishuka na begi moja na cherehani yake. Mimi niliuliza kulikoni, tena niliuliza kwa mbele na kwa nyuma, sikuambulia kitu. Mume wangu hakuuliza. Alimwambia tu, "Meza yako iko palepale," akaenda kuipangusa vumbi. Tangu hapo tukaishi naye. Watoto wangu wakawa wanamkimbilia shangazi yao kabla hawajanikimbilia mimi, na hilo nalo nikalimeza.

Upande wa pili wa ukuta wa karakana, ukuta wa mbao, palikuwa kwa Fundi Redio. Hao wawili walikuwa wakigombana kila siku inayokuja. Vumbi la makochi ya zamani linaingia kwenye redio zake zilizofunguliwa. Kelele za spika zake zinaingia kwenye kichwa cha mume wangu. "Bwana Sponji, utaniua na vumbi lako!" "Bwana Kelele, zima hilo dude!" Saa ya chai ikifika, haohao, benchi moja, wanacheka mpaka chai inawapalia. Mke wa Fundi Redio nilikuwa namsuka mimi. Ana nywele nyingi, laini, akikaa kwenye kiti changu anasinzia mpaka namshika kichwa kwa mkono mmoja asidondoke. Nayasema haya ili mjue hawakuwa maadui wetu.

Siku yenyewe ilikuwa mchana, jua limesimama. Sindano alikuwa amemaliza kushona kitambaa cha stuli ya mteja, cheupe cha rangi ya maziwa, na stuli ilitolewa nje mlangoni gundi ikauke. Fundi Redio alitaka kutundika spika juu ya mlango wake. Hakuona ngazi. Akavuta stuli, akapanda. Na viatu, jamani! Viatu vya mtu aliyetoka kuruka mitaro. Alipomaliza akairudisha alipoitoa, nyayo mbili juu yake zinaonekana mpaka ng'ambo ya barabara.

Sindano alipoziona alimwambia kaka yake. Yeye alikuwa amepiga goti nyuma ya kochi, anapigilia, misumari mdomoni, akaguna tu. Basi Sindano akatoka mwenyewe kwenda kumwuliza jirani. Angesema samahani tungekuwa tunazungumza mengine leo. Lakini palikuwa na watu pale dirishani kwake, na Fundi Redio akiwa na watu huwa anataka kuchekesha.

"Shona kingine basi," akamwambia, kwa sauti ya kusikika. "Una kazi gani nyingine wewe? Mwanamke umerudishwa kwenu kama redio mbovu!"

Watu wakacheka. Sindano akarudi ndani akaketi kwenye cherehani yake. Hakulia. Baada ya hapo mume wangu akatoka na nyundo. Fundi Redio alikuwa amempa mgongo, anavuta waya wa spika yake. Alimpiga mara moja, nyuma ya sikio, bila kusema neno. Nyundo ile ya makochi, ndogo, ambayo mwanangu wa mwisho alikuwa akiichezea. Mara moja tu. Fundi Redio alikata roho kabla hawajamfikisha hospitali.

Waliokuja kuniita walinikuta nimesuka kichwa cha mtu nusu. Yule mteja aliondoka na nusu yake, na mimi mpaka leo sikumbuki kama nilimwomba radhi.

Wakili tuliyepewa alikuwa kijana wa miwani, jasho haliishi usoni. Lakini alikuwa na moyo, na alinieleza kesi kwa lugha ninayoielewa.

"Mama, kuua ameua," alisema. "Hilo hatubishi. Kesi nzima ni kuhusu kilichokuwa moyoni mwake. Serikali imemshtaki kwa kuua kwa kukusudia, na ni kazi yao kulithibitisha hilo kusudio. Sisi tunasema alisikia dada yake anatukanwa, hasira ikampanda palepale, akainuka na nyundo iliyokuwa tayari mkononi. Jaji akikubali, hiyo ni kuua bila kukusudia. Atafungwa, ila atarudi."

"Na asipokubali?"

"Wakionyesha kwamba alipata nafasi ya kufikiri, halafu bado akaenda, basi hiyo ni habari nyingine. Hapo sahau kurudi."

Mimi nikashika neno moja tu, atarudi. Nikalala nalo, nikaamka nalo. Mume wangu mwenyewe hakuwa na msaada. Kwa polisi alisema hakumbuki, alijikuta nje na nyundo. Aliyekuwa mle ndani naye ni Sindano peke yake. Ukimya wake wote, na maisha ya kaka yake, vikawa kwenye kapu moja.

Wakili akamkalisha chini. "Shangazi, jibu unachoulizwa tu. Usiongeze." Mimi nikacheka. Nikamwambia, "Mwanangu, huyu? Huyu kuongeza? Lala usingizi."

Siku ya ushahidi wake alivaa gauni la buluu alilolishona mwenyewe. Chumba cha mahakama kilikuwa na feni inayozunguka kwa kusitasita, na jaji aliandika kila kitu kwa mkono, hivyo kila baada ya jibu tulikuwa tunaingoja kalamu. Upande wa pili alikaa mjane wa Fundi Redio, amejifunga kitambaa kichwani. Nilijua chini ya kile kitambaa nywele hazijaguswa tangu msiba. Sikuweza kumtazama.

Sindano alianza vizuri, hata nikamwonea fahari. Alizisema nyayo. Alilisema tusi, lote, neno kwa neno, macho yameangalia chini. Wakili wetu akamwuliza, "Maneno hayo yaliposemwa, kaka yako alikuwa anafanya nini?"

"Anapigilia."

"Ameshika nini?"

"Nyundo."

"Na misumari ilikuwa wapi?"

"Mdomoni."

Wakili akamgeukia jaji kama mtu aliyefunga bao. Fundi yuko kazini, nyundo mkononi, misumari mdomoni, tusi linaingia kupitia ukutani, anainuka. Hata mimi niliiona picha. Akakaa chini, akafuta miwani.

Wakili wa serikali alikuwa mama wa makamo, sauti yake ya upole, angeweza kuwa mteja wangu. Aliinuka taratibu.

"Pole sana kwa yote," alimwambia. "Nina jambo dogo tu linanitatiza, nisaidie. Hiyo misumari ya mdomoni. Alitoka nayo nje?"

Sindano akaendelea kuangalia chini.

"Au aliitema pale chini?"

Hapo ndipo. Nilimwona wifi yangu akiinua kichwa.

"Chini?"

"Ndiyo, sakafuni. Mtu mwenye hasira kiasi hicho..."

"Kaka yangu hatemi misumari chini." Sauti hiyo sikuwahi kuisikia, na nimeishi naye nyumba moja. "Watoto wanaingia kwetu pekupeku. Mimi mwenyewe nilichomwa nikiwa mdogo, huu mguu mnaouona. Tangu siku ile hajatema hata mmoja. Aliitoa akaitia kwenye kopo, akalifunika. Mnamsema kama mtu wa ovyo. Yeye si mtu wa ovyo."

Wakili wetu aliinuka nusu, akarudi chini. Mimi nilikuwa nimeng'ata kanga yangu.

"Aliitoa yote kwa mara moja?" aliuliza yule mama, polepole vilevile.

"Mmoja mmoja. Ukiitoa kwa pamoja itakuchana."

"Na kufunika kopo, alifunika kwa mkono ulioshika nyundo?"

"Haiwezekani. Nyundo aliiweka mezani."

"Kisha?"

"Kisha akagandamiza mfuniko."

"Kisha akaichukua nyundo."

Sindano alifungua mdomo. Nadhani ndipo alipoliona shimo, na mguu ulikuwa umeshaingia. Alimtazama kaka yake kizimbani. Mume wangu naye akamtazama, na ninaapa mbele yenu, alimwitikia kwa kichwa polepole, vilevile anavyofanya akikagua mshono ulionyooka. Kwamba sema tu.

"Ndiyo," akasema. "Akaichukua."

"Subiri kidogo, shahidi," jaji akasema. "Naandika."

Tukaisikiliza ile kalamu.

Siku ya hukumu jaji alisoma kurasa nyingi, mimi nimebaki na moja. Alisema tusi lilikuwa baya, na hasira ilikuwa ya kweli. Lakini mtu aliyekumbuka miguu ya watoto wa jirani alikuwa na akili ya kukumbuka pia kichwa cha jirani mwenyewe. Na mtu aliyeweka nyundo chini akaiokota tena, aliiokota kwa kazi nyingine. Kuua kwa kukusudia. Kifungo cha maisha. Mjane wa Fundi Redio alijiinamia akalia kwa sauti, na mimi nikalia, kila mmoja upande wake, na hakuna aliyemwendea mwenzake.

Basi mimi nikapata wa kumchukia. Msinitazame hivyo, mngefanya hivyohivyo. Nikamnunia Sindano mpaka nyumba ikawa haikaliki. Chakula nikipika sisemi karibu. Akiingia huku mimi natoka kule. Wateja niliwachosha kwa wimbo mmoja: "Kopo! Mtu anafungwa maisha kwa sababu ya kopo! Kufunika kopo ni kufumba na kufumbua, huyo jaji hajawahi kufunika kopo nyumbani kwake?" Wakanikubalia wote, nani atabisha huku nimemshika nywele. Na kweli niliamini. Niliamini kwamba mume wangu alitoka na moto wake uleule, kwamba ule mfuniko haukuwa kitu, na kwamba wifi yangu, kwa kiburi cha misumari, amenichukulia mume. Kila nilipokwenda kumwona gerezani nilitaka aseme hivyo. Yeye akawa anauliza, "Dada hajambo?"

Siku moja nikashindwa. Sindano alikuwa ameanza kufanya kazi zote mbili, kushona na kupigilia, maana lile kochi la siku ile lilibaki nusu na mwenyewe alikuwa analidai. Nilitoka saluni nikiwa na chanuo mkononi, nikavuka barabara, nikaingia karakanani bila hodi. Kwa Fundi Redio palikuwa pamefungwa mbao, kimya kama hapajawahi kukaliwa. Sindano alikuwa amepiga goti nyuma ya kochi, palepale alipokuwa akipiga goti kaka yake. Nyundo mkononi, mashavu yamevimba misumari.

Nikamtolea uvivu. Nilimwambia yote niliyokuwa nimeyaweka. Kwamba aliambiwa asiongeze, akaongeza. Kwamba watoto wangu hawana baba kwa ajili yake. Alinitazama tu, hawezi kujibu, na kule kutojibu kukanizidishia. Nikatafuta neno la kumuumiza, nikalipata, kwa sababu lilikuwa tayari limeshasemwa.

"Ndiyo maana ulirudishwa," nikamwambia. "Mume gani angekaa na wewe?"

Sindano aliinuka. Akaja mezani. Akatoa msumari wa kwanza mdomoni, akautia kwenye kopo, ukalia. Akatoa mwingine.

Mwanzoni nilikuwa bado nahema, nimejaa, niko tayari kwa lolote. Akatoa mwingine. Nikausikia muziki wa saluni yangu ng'ambo ya barabara. Akatoa mwingine, akaupangusa mate kwenye gauni. Nikaona kwamba nimesimama na chanuo mkononi. Mwingine. Nikalikumbuka neno nililolisema na nani alilisema kabla yangu, na uso ukaniwaka moto kwa aibu. Mwingine. Nikaitazama nyundo, nikasogea nyuma, nikapata na muda wa kujiuliza kama huyu atanipiga, na wa kujijibu kwamba ningekuwa nimejitakia. Hasira yangu yote ilikuwa imeshaondoka, na bado alikuwa na misumari mdomoni.

Ilipokwisha aliweka nyundo mezani, akashika kopo, akaugandamiza mfuniko kwa kiganja. Ukakataa. Akaugandamiza tena mpaka ukaingia. Nyundo ilikuwa pale, mbele ya mkono wake. Akaiacha.

"Unasemaje, wifi?" akaniuliza.

Nikakaa juu ya lile kochi ambalo halijaisha, nikajifunika uso, nikalia kilio ambacho sikukilia hata siku ya hukumu. Maana siku ya hukumu nilikuwa namlilia mume wangu. Sasa nilikuwa namlilia yule mwingine, aliyekuwa amegeuka anavuta waya.

"Alikuwa na muda," nikasema.

"Alikuwa nao," akasema Sindano. Akaketi kando yangu, mguu wake mbovu ameunyoosha. "Mimi nilikuwa namtazama. Alipofunika, nikajua imekwisha, anarudi kupigilia."

Kisha akasema, kwa sauti yake ileile ndogo, "Pale mahakamani nilitaka tu wajue ni mtu wa namna gani."

Nilikuwa na jibu, mdomo wangu ninyi mnaujua. Nikaufunga. Nikamshika mkono, na chanuo langu likabaki sakafuni mpaka yeye alipoinama kuliokota, asije mtoto akalikanyaga.